Oman: Kwa nini wavulana wanaachwa nyuma darasani?

Mwanzoni mwa mwaka 1970 hapakuwa na msichana hata mmoja katika shule za serikali za Oman. Leo wasichana ndio wanaoongoza katika mitihani, na ndio waliojaa katika kumbi za vyuo. Makala haya yanaangazia mji mdogo wa Birkat al Mauz, na yanauliza ni jambo gani lililowapata wavulana.

Msafiri anayetoka Muscat kwenda Nizwa huukuta mji wa Birkat al Mauz chini ya Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, takriban kilomita 20 kabla ya kufika Nizwa kwenyewe. Jina la mji huo halihitaji mkalimani mkubwa kwa mzungumzaji wa Kiswahili: birkat ni lile lile birika la maji, na mauz ni ndizi. Maji ya mji hutoka katika falaji ya Al-Khatmeen, mfereji wa kale ambao mwaka 2006 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na mifereji mingine minne ya Oman. Maji hayo hupita karibu na ngome ya Bait al Rudaidah, kisha hugawanywa katika mikondo mitatu iliyo sawa kabla ya kuingia katika mashamba ya mitende na migomba.

Mji huu, ulio katika wilaya ya Nizwa, mkoa wa Ad Dakhiliyah, una jambo jingine linaloutofautisha na miji mingi midogo ya bara ya Oman. Chuo Kikuu cha Nizwa, licha ya jina lake, kimejengwa hapa Birkat al Mauz. Kiliasisiwa kwa amri ya Sultani mwaka 2002, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 2004. Anayeingia katika kumbi zake huona mara moja kwamba wanafunzi walio wengi ni wanawake. Hali hiyo haikuanzia kwenye lango la chuo. Ilianza miaka mingi kabla, katika madarasa ya shule za kawaida za serikali.

Mapacha wawili, milango miwili

Ili kuelewa jinsi inavyotokea, msikilizaji na awachukue watoto wawili wa kufikirika, mapacha, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wanaoanza darasa la kwanza katika shule ya serikali ya mji kama huu. Wanaamka alfajiri pamoja, wanakula mkate wa aina moja, na wanapanda basi moja la shule. Mvulana amevaa kanzu nyeupe na kofia, msichana amejitanda ushungi mweupe. Nyumba ni moja, wazazi ni wale wale, na hata mwalimu ni yule yule.

Tangu mwaka wa masomo wa 1998/1999 Oman imekuwa ikifuata mfumo uitwao elimu ya msingi, ambao umechukua hatua kwa hatua nafasi ya ule wa zamani. Katika hatua ya kwanza, darasa la kwanza hadi la nne, wavulana na wasichana husoma pamoja na hufundishwa na walimu wanawake. Katika hatua ya pili, darasa la tano hadi la kumi, hutenganishwa. Baada ya hapo huja madarasa mawili ya mwisho, la 11 na la 12, ambayo humalizikia kwa mtihani wa Diploma ya Elimu ya Jumla. Mtihani huo ndio ufunguo wa chuo.

Kwa hiyo mapacha wetu wanapomaliza darasa la nne, wanaagana. Msichana anakwenda katika shule ya wasichana yenye walimu wanawake, na mvulana anakwenda katika shule ya wavulana yenye walimu wanaume. Kuanzia hapo, pale watu wanaposema kwamba shule ya mji fulani imefanya vizuri au vibaya, swali la kwanza linapaswa kuwa: ni shule ipi kati ya hizo mbili?

Nambari zinasema nini

Oman ilishiriki kwa mara ya kwanza katika mtihani wa kimataifa wa hisabati na sayansi, ujulikanao kwa kifupi kama TIMSS, mwaka 2007. Mtihani huo hufanywa kila baada ya miaka minne, na kipimo chake kimewekwa kwa namna ambayo alama 500 ndizo kitovu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Oman wa darasa la nane walipata wastani wa alama 366 katika hisabati. Matokeo hayo yaliiweka nchi katika kundi la mwisho, na wengi walitosheka kusema kwamba elimu ya Oman ni dhaifu.

Hata hivyo wastani huo haukuwa wa upande wowote. Wasichana walipata 397, na wavulana 334. Tofauti ilikuwa alama 63, na ilikuwa kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote iliyoshiriki katika darasa hilo. Katika takriban nusu ya nchi zilizofanya mtihani huo mwaka huo hapakuwa na tofauti ya maana baina ya wavulana na wasichana. Jambo hilo peke yake latosha kuondoa dhana kwamba kuna akili ya kike na akili ya kiume katika hisabati. Kama lingekuwa suala la maumbile, lingejitokeza kila mahali kwa kiasi kile kile.

Darasa la nne linaongeza fundisho jingine. Katika mwaka huo huo wa 2011, wasichana wa darasa la nne wa Oman walipata 398 katika hisabati na wavulana 372, tofauti ya alama 26. Watoto hao si wale wale wa darasa la nane, kwa hiyo haifai kusema kwamba pengo la watoto walewale liliongezeka kutoka 26 hadi 63. Lakini picha inayojitokeza ni kwamba pengo tayari lipo wakati watoto wangali wanakaa chumba kimoja na kufundishwa na mwalimu mmoja, na ni kubwa zaidi baada ya kutenganishwa. Katika mtihani wa kimataifa wa kusoma, PIRLS, uliofanywa pia mwaka 2011 kwa darasa la nne, wasichana walipata 411 na wavulana 371.

Tangu wakati huo hali imeboreka. Wastani wa hisabati katika darasa la nane ulipanda hadi 403 mwaka 2015 na 411 mwaka 2019. Pengo nalo lilipungua baada ya 2011, lakini wasichana waliendelea kuwa mbele.

Kuna tahadhari nyingine inayohusu hasa shule ndogo. Katika darasa la watoto 20, kila mtoto ni asilimia tano. Wakishindwa wanne, taarifa itasema asilimia 20 wameanguka. Mwaka unaofuata akishindwa mmoja, itasemwa kwamba shule imefanya maajabu. Huenda mwalimu hakubadilika wala kitabu hakikubadilika, bali waliobadilika ni watoto watatu. Ndiyo maana matokeo ya shule ndogo hayasomeki vyema kwa mwaka mmoja, wala hayasomeki bila kujua ni nani waliokuwa wamekaa madarasani.

Kutoka shule tatu

Umuhimu wa kujua nani amekaa darasani si jambo geni katika historia ya Oman. Sultani Qaboos bin Said aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu za serikali zenye wanafunzi 909, wote wavulana. Katika mwaka wa kwanza wa utawala wake idadi ilifika takriban 7,000, na kati yao wasichana walikuwa zaidi ya 1,100. Wengine walisomea katika mahema na wengine kwa zamu. Walimu waliletwa kutoka Misri, Jordan, Sudan na nchi nyingine za Kiarabu. Leo nchi ina zaidi ya shule 1,000 za serikali, na walimu walio wengi ni raia wa Oman, wengi wao wanawake.

Katika miaka hiyo ya mwanzo waliingia pia watoto wa aina ya pekee: watoto waliokuja kutoka Afrika Mashariki. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitawanyika, na baada ya 1970 Sultani alipowaita Waomani walio nje warejee, zilikuja kutoka Unguja, Pemba, Tanganyika, Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo. Nyingi zilikuwa na ukoo wao katika miji ya bara kama Nizwa na Ibra, ingawa wengi walikaa Muscat, ambako ndiko kulikokuwa na kazi.

Watu wazima wa familia hizo walijua Kiingereza, na wakapata kazi katika wizara, mabenki, hospitali na kampuni ya mafuta. Watoto wao walikutana na mlima. Nyumbani walizungumza Kiswahili, na shule ilifundisha kwa Kiarabu cha vitabuni. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu katika shule ya Unguja aliweza kuonekana mzito wa kufahamu Muscat, kwa sababu tu hakuielewa lugha ya swali. Alama zake zilipima lugha kabla ya kupima akili. Walimu waliolijua hilo walimsaidia; wasiolijua walimhesabu kuwa ameshindwa.

Familia hizo zilileta pia jambo lililowafaa wasichana wa nchi nzima. Zanzibar ilikuwa na shule ya serikali ya wasichana tangu mwaka 1927, na kwa hiyo miongoni mwa waliorejea walikuwamo wanawake waliosoma, waliozoea kufanya kazi ya ualimu, uuguzi na ofisini. Katika nchi iliyokuwa ikianza kuwafundisha binti zake, kuonekana kwa mwanamke mwenye shahada akiingia kazini asubuhi kulikuwa somo lisilohitaji kitabu. Mwaka 2004 Oman ilipata waziri wake wa kwanza mwanamke mwenye wizara, Rawya bint Saud al Busaidi, aliyepewa elimu ya juu. Mwaka 2011 Wizara ya Elimu nayo ilikabidhiwa mwanamke, Madiha bint Ahmed al Shibaniyah.

Wavulana wanajua njia nyingine

Kwa nini basi ndugu zao wa kiume wanabaki nyuma? Sababu ya kwanza inayotajwa na wachunguzi wa elimu ni soko la kazi. Kwa miaka mingi kijana wa kiume wa Oman aliweza kupata mshahara wa kutosha katika jeshi, polisi au udereva bila ya alama za juu. Mnamo Februari mwaka 2011, baada ya maandamano yaliyoanzia Sohar, serikali iliamuru kutengenezwa kwa nafasi 50,000 za kazi. Kijana anayemwona kaka yake amepata sare, mshahara na gari bila kuhangaika na kanuni za aljebra, hupima mambo kwa mizani yake mwenyewe. Kwake yeye shule ni mahali pa kungojea umri utimie.

Kwa msichana mizani ni tofauti. Kazi zilizo wazi kwake na zinazokubalika kwa wazazi wake, kama vile ualimu, uuguzi, utabibu na kazi za ofisini, karibu zote zinadai cheti. Kwake alama ndiyo njia, na hakuna kichochoro pembeni mwake. Kuwapo kwa chuo kikuu mjini kwake pia kuna uzito. Mzazi anayesita kumpeleka bintiye kulala Muscat hasiti kumruhusu asome mahali ambapo atarejea nyumbani kwa basi kabla ya magharibi.

Sababu ya pili ni walimu. Ualimu ni miongoni mwa kazi zinazotafutwa sana na wanawake wa Oman, na kwa hiyo shule za wasichana hupata walimu waliochujwa miongoni mwa wahitimu wenye alama nzuri. Wanaume wenye alama kama hizo mara nyingi huvutwa na kampuni za mafuta, uhandisi au biashara. Shule za wavulana zimelazimika kutegemea zaidi walimu wa kigeni wa mikataba, ambao huja na huondoka.

Sababu ya tatu ni saa za jioni. Katika mji mdogo wa bara, msichana aliyerudi shule hubaki nyumbani, na daftari lake hubaki mbele yake. Mvulana ana ruhusa ya kutoka. Ana uwanja wa mpira, ana baraza la wenziwe, ana shamba la baba au duka la ami yake, na baadaye ana gari. Uhuru huo ni heshima anayopewa kwa kuwa mwanamume, lakini ndio unaomla saa zake za kusoma. Na msichana naye, ambaye amenyimwa uhuru huo huo, ameugeuza ufinyu wake kuwa faida. Si jambo la kusherehekewa bila ya kufikiri.

Aliye mbele naye hajafika

Lingekuwa kosa kudhani kwamba wanaopoteza katika hali hii ni wavulana peke yao. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa mwaka 1986, na katika vyuo vingine vya serikali vilivyofuata, nafasi katika masomo mengi zimekuwa zikitengwa kwa mafungu mawili, la wanaume na la wanawake. Kwa kuwa wasichana wenye alama za juu ni wengi zaidi, wao hushindana kwa ukali zaidi. Dada aliyempita kaka yake kwa alama kadhaa aweza kumwona kaka akiingia katika fani ambayo yeye ameikosa.

Na akishahitimu, mashindano hayaishi. Miongoni mwa raia wa Oman wenye shahada wanaotafuta kazi, wanawake ndio wengi. Ualimu umejaa, ofisi za serikali haziajiri kama zamani, na kampuni binafsi zilizo mbali na nyumbani si rahisi kwa kila familia kuzikubali. Mapacha wetu wakifika umri wa miaka 25, huenda dada ana shahada bila kazi, na kaka ana kazi bila ya shahada. Siku ile kazi ya kaka itakapotoweka, au itakapodai ujuzi asiokuwa nao, atakuwa hana cha kushika.

Hali hiyo inazidi kuwa nzito kwa sababu mafuta hayawezi tena kuwaajiri wote. Mpango wa maendeleo wa nchi, Dira ya Oman 2040, unategemea raia wenye ujuzi watakaofanya kazi katika viwanda, utalii na huduma. Serikali imechukua hatua kadhaa. Mwaka 2014 ilianzisha kituo maalumu cha kuwaendeleza walimu kitaaluma, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2023/2024 imeanza kuingiza masomo ya ufundi na biashara katika baadhi ya shule za madarasa ya juu. Hatua hiyo ya pili yaweza kumpa mvulana asiyependa vitabu sababu ya kubaki shuleni.

Hata hivyo mtoto huchoka na shule muda mrefu kabla ya darasa la 11. Samaki mkunje angali mbichi, na matokeo ya darasa la nne yanaonyesha kwamba mvulana ameanza kuachwa nyuma katika kusoma akiwa bado na umri wa miaka tisa au kumi. Asiyesoma kwa wepesi katika umri huo hawezi kulifahamu swali la sayansi darasani mwa nane, kama vile yule mtoto wa Unguja ambaye hakulielewa swali la Kiarabu. Kumtambua mapema na kumpa msaada wa kusoma ni kazi nyepesi kuliko kumrejesha shuleni akiwa kijana mwenye leseni ya udereva.

Fundisho hili haliihusu Oman pekee. Visiwani Zanzibar nako wasichana katika shule za sekondari wamewazidi wavulana kwa idadi katika miaka ya karibuni, na wazazi wa Unguja na Pemba wanauliza swali lile lile kuhusu vijana wao wa kiume waliokimbilia bahari, biashara ndogo ndogo na pikipiki. Jambo lililochukua nusu karne kujengwa, yaani kumfikisha binti shuleni, limefanikiwa. Lililosahauliwa ni kwamba mvulana naye anahitaji kupewa sababu ya kubaki.

Huko Birkat al Mauz, maji ya falaji yanaendelea kugawanywa katika mikondo mitatu iliyo sawa, na hakuna mwenye shamba anayekubali kuambiwa wastani wa maji ya mji mzima. Kila mmoja anataka kujua ni kiasi gani kimefika kwake. Wazazi wanaopokea taarifa ya shule mwishoni mwa muhula wana haki ya kuuliza hivyo hivyo: si shule imepata ngapi tu, bali ni watoto gani waliopata, na ni watoto gani ambao hawakufikiwa.